Anatangazwa kwa Mara ya Tatu

Sijui Katekista alizaliwa wapi, na sina mpango wa kuuliza. Yeye mwenyewe alilipiga marufuku swali hilo kwenye baraza langu. Mtu akianza kumchimba mwenzake, "Kwani wewe kwenu hasa ni wapi? Babu yako nani?" Katekista aligonga ubao wa drafti kwa kifuniko cha soda na kusema, "Hapa tunauliza zamu ya nani. Ya ukoo mtaulizana msibani." Basi nami nitamleta kwenu kama alivyokuwa akija kwangu: juu ya baiskeli, sweta la kijani lililotafunwa na panya kwenye kola, suruali imebanwa kwa mpira miguuni, na wimbo wa kanisani mdomoni.

Mimi ni mwenye duka. Niko Kasulu mjini, njia ya kwenda sokoni. Khanga na vitenge viko ndani, sabuni na mawese pembeni, na mbele kuna baraza pana ambalo marehemu mume wangu alilijenga ili wateja wapate pa kukaa wakiwa bado hawajaamua. Wateja hawakulikalia hata siku moja. Waliolikalia ni wacheza drafti, na wao waliamua siku ya kwanza kwamba hawanunui kitu. Nilitokea Ujiji kwa ndoa, baridi ya huku juu ikanipokea kwa kunipasua midomo, na Katekista akanipokea kwa utani. Siku za kawaida aliniita Mama Duka. Akitaka kunichokoza aliniita Mswahili wetu. Mimi nilimwita Katekista kama alivyoitwa na kila mtu, Wakristo kwa Waislamu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya parokiani: kufundisha watoto sala, kuongoza ibada padre asipokuwepo, na kusoma matangazo ya ndoa. Hayo matangazo yawekeni akilini, tutayarudia.

Drafti aliicheza kwa nyimbo. Mwanzoni mwa mchezo alivuma wimbo wa Kwaresima, polepole, kwa huzuni, na mpinzani akajiona yuko salama. Ubao ukianza kumkalia vizuri alihamia wimbo wa Noeli. Akifika Pasaka, ujue umekwisha. Nimeona mtu mzima kutoka Kitanga, mwenye ndevu na wajukuu, akikusanya kete zake mwenyewe na kuondoka kwa sababu tu amesikia aleluya. Katekista hakujua kwamba anaimba. Ukimwambia alikataa kabisa, akasema ni redio ya jirani.

Vita yangu ya kwanza naye ilikuwa ya vifuniko. Upande mmoja walichezea vifuniko vya soda, upande wa pili vya bia, na mimi nikasema bia haikai barazani kwangu, hata kifuniko. Katekista alifikiri, akavichukua vile vya bia akavigeuza vyote chali, maandishi chini.

"Hivi sasa vimetubu, Mama Duka," alisema. "Havionyeshi tena maisha yao ya zamani."

Nikacheka, nikaruhusu. Kumbe katika drafti kete ikifika mwisho wa ubao inakuwa kingi, na wao kingi walimtambulisha kwa kukigeuza kifuniko. Kwa hiyo kila kifuniko kilichotubu, kikipanda cheo tu, kilirudia bia hadharani. Nilipomwonyesha hilo Katekista alikuna kichwa, akasema hata kwa binadamu ndivyo ilivyo.

Misemo yake nusu ilitoka kwenye Injili na nusu kwenye ubao, na baada ya muda sikuweza kutofautisha. "Shetani hakupi kete bure," aliwaambia watoto wa mafundisho, nao wakaiandika kama andiko. Alimaanisha kwamba katika drafti ukionyeshwa kete lazima ule, hata kama nyuma yake umechimbiwa shimo. Kwangu aliutumia msemo huo kila nilipotangaza punguzo la bei. Nilikuwa na kipaza sauti cha betri, nakiweka mlangoni siku za gulio, nasema khanga leo bei ya kutupa, na yeye kutoka kwenye ubao anaitikia kama kwaya: "Shetani hakupi kete bure!" Wateja wanacheka, wanapita. Nilitamani kumrushia sabuni.

Alifundisha uvumilivu na hakuwahi kungoja chai ipoe. Alikemea umbea na habari zote za mjini alikuwa nazo kabla yangu. Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa mikono. Akicheza, mikono ilitulia. Akitazama wengine wakicheza, haikutulia hata kidogo. Akiona mtu amekosa hatua iliyo wazi, vidole vilianza kucheza juu ya goti, vikapanda mezani, vikaukaribia ubao. Kwa hiyo alijiwekea sheria: akiwa mtazamaji alikalia mikono yake yote miwili. Chai yake ikija mchezo ukiwa mkali, mmoja wetu alimnywesha.

Sasa nifike kwenye kanuni, maana mtu huyu huwezi kumweleza bila kanuni.

Kila mwaka kuna mashindano ya taifa ya drafti. Kucheza anaruhusiwa yeyote, lakini kuitwa bingwa kuna masharti, na Katekista aliyajua kama Baba Yetu. Uwe raia. Uwe umeandikishwa na klabu ya wilaya moja. Usiwe umeichezea wilaya nyingine msimu huohuo. Usiwe mwamuzi. Na mwenyekiti wa klabu ajiridhishe kwamba mchezaji wake ametimiza yote. Mwenyekiti wa Kasulu alikuwa yeye, na mwamuzi yeye, kwa sababu hakukuwa na mwingine ambaye watu wote wangekubali kufungwa mbele yake bila matusi.

Mwaka mmoja kijana wetu wa Kitanga alifika karibu kabisa na fainali ya taifa, akaondolewa. Ilijulikana kwamba mwanzoni mwa msimu alikikalia kiti cha shemeji yake kwenye mashindano ya wilaya nyingine, nusu mchezo tu, shemeji alipokwenda kupokea mgeni stendi. Kasulu tuliona haya mpaka tukawa tunapita njia za nyuma. Katekista alimpokea yule kijana kwa upole, akampa chai, kisha akatamka hukumu ambayo tuliisikia miaka yote iliyofuata: "Mkono ukishagusa, umehama."

Hapo ndipo alipoleta mtindo wake. Wenzetu wa wilaya nyingine walijiridhisha kwa vitambulisho na mihuri. Katekista alisema karatasi haijui shemeji. Yeye njia ya kujiridhisha aliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya kanisani, ambako watu wakitaka kuoana wanatangazwa Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Basi kila mchezaji aliyetaka kwenda kuugombea ubingwa ilibidi atangazwe siku tatu za gulio, barazani kwangu, kwa kipaza sauti changu, kwa sauti ileile ya altareni: "Anatangazwa kwa mara ya kwanza. Anayejua kizuizi chochote asimame aseme, au anyamaze hata msimu uishe."

Watu walisimama, jamani! Kasulu nzima ilikuwa na vizuizi. Mmoja alisema mchezaji ana kiburi. Mwingine akasema alimwazima jembe. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi kutoka Muyama, hajui hata mtu anayetangazwa ni nani, alisema kwa uso ule hafai. Katekista alisikiliza wote kwa heshima, na kwa kila mmoja alijibu, "Hicho si kizuizi, hicho ni kero." Au, "Hicho si kizuizi, hicho ni wivu." Aliyatenganisha hayo mawili kwa makini sana.

Siku ambayo sitaisahau ni ya mkulima mmoja wa Titye, mchezaji hodari, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi kama wakimbizi na yeye sasa ni raia kama mimi. Alipotangazwa mara ya pili, mpita njia alisikia kipaza sauti kwa mbali: jina, kutangazwa, kizuizi. Akapanda bodaboda mbio mpaka Titye kumwambia mke wa mtu kwamba mumewe anaoa mjini. Na mke akaja. Alikuja na mwiko wa ugali ungali na ugali, na dada zake wawili nyuma, kwenye pikipiki ileile.

"Kizuizi ni mimi!" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Mumewe alikwishaingia chini ya meza ya vitenge vyangu. Katekista aliinuka, akafunga kifungo cha sweta.

"Mama, hapa hakuna mwanamke. Mumeo anagombea ubingwa wa taifa wa drafti."

"Huo ubingwa una watoto?"

"Oya, hapana, mama. Ni ubao na vifuniko."

Mwanamke alitazama ubao, akatutazama sisi, akaanza kutetemeka mabega, na ikachukua muda kujua kwamba anacheka. Tukacheka wote. Na katikati ya kicheko hicho, mtu mmoja nyuma, wa wale wasiokosekana, akaona ndiyo nafasi yake. Akasema kizuizi kipo, baba wa huyu bwana alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo.

Kicheko kilikatika. Katekista hakupandisha sauti. "Kanuni imesema raia," alisema. "Haijasema raia wa lini."

Alitaka kuendelea, lakini hakupata nafasi. Mke wa yule bwana alikwishageuka na mwiko wake.

"Cheti cha uraia kimo sandukuni kwangu, nimekifunika na kitenge cha harusi yangu! Mwenye kizuizi na mtu huyu ni mimi peke yangu, na mimi nimekiondoa. Wewe kaa chini!"

Akakaa. Sote tulikaa, hata waliokuwa wamekaa. Katekista alitangaza hakuna kizuizi, na yule mama akanunua kwangu vitenge viwili kwa pesa alizozitoa mfukoni mwa mumewe, ambaye bado alikuwa chini ya meza.

Kanuni hiyohiyo ya uraia ilimpa Katekista usiku mbaya kwa upande mwingine. Kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa akija Mkongomani mmoja mrefu, mpole, na alitufunga wote, kasoro Katekista, ambaye walikuwa wakipokezana ushindi. Katekista alimweleza kwamba anaweza kucheza mpaka fainali na kushinda, lakini kuitwa bingwa hawezi.

"Alore, miye njo nashinda," alisema yule bwana, "lakini shampioni si miye? Sasa mutaniita namna gani?"

Swali hilo lilimsumbua Katekista wiki nzima. Gulio lililofuata alikuja na jibu. "Kanuni haikupi jina," alisema, "lakini na sisi haitukatazi. Tutakuita Tatizo." Yule Mkongomani alilipenda jina mpaka leo analitumia kwenye simu. Akitokea kona ya soko watu husimama: "Tatizo amefika!" Sijaona mtu aliyeheshimiwa hivyo na watu asioweza kuwawakilisha.

Lakini Katekista mwenyewe? Mganga hajigangi. Alimpeleka kila mtu kwenye ubingwa na yeye akabaki na kipaza sauti, kwa sababu mwamuzi hagombei. Sisi tulidhani hataki. Aliyetufumbua macho ni mkewe, mama mwenye kicheko cha kujaza duka. Alikuja kununua sabuni ya kunyolea, nikamuuliza Katekista anatumia sabuni kiasi gani, maana ni ya tatu mwezi huo.

"Inaishia kwenye hotuba," alisema. "Kila asubuhi akishajipaka povu, anasimama mbele ya kioo anajitangaza. 'Bingwa wa Taifa, kutoka Kasulu!' Kisha anajipigia makofi, povu linaruka ukutani. Anadhani nimelala."

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha tukaelewa, sote wawili kwa pamoja. Mtu huyu alikuwa anautaka ubingwa kama mtoto anavyotaka sikukuu, na miaka ilikuwa inakwenda. Niliumia, nasema kweli.

Siri hiyo sikuitunza hata robo siku. Gulio lililofuata wachezaji walikutana nyuma ya duka langu na kufanya mapinduzi. Katekista alipofika aliambiwa kwamba si mwenyekiti tena wala si mwamuzi. Alikasirika vibaya, akauliza amekosa nini. Mkulima wa Titye akamjibu, "Hujakosa, mzee wetu. Tumekuondolea kizuizi." Uso wa Katekista ulifanya mambo matatu kwa wakati mmoja, na alipoona tunamtazama akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Wakatafuta mwamuzi mpya. Asiyecheza, asiyeogopa mtu, mwenye sauti. Wote wakageuka kunitazama mimi. Ndivyo mwanamke wa Kiislamu kutoka Ujiji alivyorithi matangazo ya katekista.

Kabla ya matangazo yake tulikwenda Kibondo kwa mchezo wa kirafiki, wa kufungua msimu. Kibondo na sisi ni ndugu wa kutaniana. Wao wanasema sisi tuna maneno, sisi tunasema wao hata maneno hawana. Mwenyekiti wao ni fundi baiskeli, mtu wa kofia kubwa ya majani. Katekista hakupangwa kucheza, kwa sababu alikuwa hajatangazwa na alikataa upendeleo. Alikaa pembeni ya ubao wa mwisho, kati ya Fundi na mkulima wetu wa Titye waliokuwa wakicheza, akiwa amekalia mikono. Fundi alikuwa anakufa ubaoni. Kila mtu aliona.

Ndipo mbuzi wa jirani alipoinyakua kofia ya Fundi kichwani kwake na kukimbia nayo. Fundi akaruka, akapiga kelele akikimbia, "Katekista, ni zamu yangu, sogeza yoyote!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, tukidhani ni utani tu, tukakimbilia barabarani kumtazama mbuzi. Na mimi mwamuzi nilikimbia. Kuna mambo binadamu hayakosi. Tuliporudi mchezo ukaendelea, na yule Fundi aliyekuwa anakufa akafufuka, akamfunga mtu wetu kwa hatua ambazo Kasulu ilizijadili kwa miezi. Tulipoteza siku ile kwa ubao huo mmoja. Njia nzima ya kurudi Katekista hakuimba.

Nilimtangaza mara ya kwanza, baraza likapiga vigelegele. Mara ya pili watu walikuja kutoka Titye na Kitanga ili tu kunyamaza kwa pamoja. Mara ya tatu mkewe alikaa mbele amevaa kitenge kipya. Nikainua kipaza sauti, nikatangaza jina lake na parokia yake, nikasema kama alivyonifundisha: anayejua kizuizi chochote asimame aseme, au anyamaze hata msimu uishe.

Kimya. Hata pikipiki zilinyamaza. Kisha mkono mmoja ukainuka, nami nikautazama kwa hasira nijue ni wa nani, nikakuta unatoka kwenye sweta la kijani.

"Kizuizi kipo," alisema Katekista.

"Wewe kaa chini," nikamwambia. "Huwezi kujizuia mwenyewe."

"Nimeuliza swali hilo miaka yote, Mama Duka. Siwezi kulijibu uongo." Akasimama. "Siku ya mbuzi, kule Kibondo. Fundi alisema nisogeze yoyote. Nilitaka nisogeze ile ya pembeni, isiyo na maana. Lakini niliiona hatua. Ilikuwa nzuri mno. Mkono ulikwenda wenyewe."

Yule mkulima wa Titye aliinuka polepole. "Kumbe ni wewe! Aliyeniua siku ile ni wewe?"

"Ego, mwanangu. Ni mimi."

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walilia, walicheka, walimtaka apigwe, walimtaka abebwe. Tatizo alikuwa anauliza kila mtu hatua ilikuwa ipi, na alipoonyeshwa kwenye ubao akavua kofia yake. Na wote wakanigeukia mimi. Mke wa Katekista alikuwa ananitazama bila kupepesa. Ningeweza kusema hicho si kizuizi, hicho ni mbuzi. Neno lilinifika ulimini. Lakini mbele yangu alisimama mtu aliyemhukumu kijana wa Kitanga kwa nusu mchezo na kumpa chai, na alikuwa ananisubiri niwe mwamuzi.

"Mkono ukishagusa, umehama," nilisema, na kipaza sauti kikanirudishia maneno yangu kwa mlio mbaya. "Kasulu hatuwezi kumpeleka."

Nililia hapohapo mlangoni mwa duka langu. Yeye ndiye aliyeniletea maji.

Habari zilifika Kibondo kabla chai haijapoa. Simu ya Fundi ikaingia, nikaiweka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie. "Mama Mwamuzi," alisema, "nimesikia Katekista amehama. Kama amehama, amehamia wapi?" Tukatazamana. Alikuwa hajaichezea Kasulu hata kete moja msimu ule. Kete moja aliyoisogeza ilikuwa ya Kibondo. Kwa kanuni yake mwenyewe, na kwa mdomo wangu mwenyewe, Katekista alikuwa mtu wa Kibondo mpaka msimu uishe. "Basi ni wetu!" alisema Fundi, na nyuma yake tukasikia mji mzima unashangilia.

Wakamtangaza kule mara tatu, hakuna aliyefungua mdomo. Na akaenda, na akashinda. Tulisikia redioni, barazani, tumebanana kama dagaa. Mtangazaji aliposema bingwa mpya wa taifa, tuliruka mpaka mkebe wa mawese ukamwagika. Aliposema "kutoka Kibondo," tukakaa. Kisha mkulima wa Titye akasema, "Lakini ni yeye," tukaruka tena, juu ya mawese yaleyale.

Baada ya hapo sikumwona muda mrefu. Fundi alimzungusha Kibondo yote, kila shule na kila harusi. Aliporudi alikuwa mtu wa furaha, ila mkewe aliniambia sabuni sasa inakaa. "Anasimama mbele ya kioo, anasema 'Bingwa wa Taifa,' halafu anasimama hapohapo na wembe hewani. Hamalizii."

Msimu mpya ulipofunguliwa alikuja barazani asubuhi na mapema. Baiskeli alikuwa anaisukuma, haipandi tena kilimani. Kikombe cha ubingwa kilikuwa kwenye kapu la ndizi, kimefunikwa na kitenge.

"Mwakeye, Mama Duka," alisema. "Nimekuja kutangazwa."

Nikamtangaza mara ya kwanza, ya pili, na siku ya tatu lori likasimama mbele ya duka langu, limejaa Kibondo. Fundi alikuwa mbele, kichwa wazi. Katekista alikaa mahali pake, amekalia mikono yote miwili, macho chini. Nikauliza kuhusu kizuizi. Lori zima likainua mikono.

"Ni wetu!" alisema Fundi. "Tulimtangaza, tukamvisha, tukamrudisha na kikombe. Tumemzoea."

"Hicho si kizuizi," nikasema, "hicho ni wivu. Msimu uliisha. Msimu mpya, mkono mpya."

"Na kofia yangu iliyoliwa na mbuzi?"

Nikaingia ndani nikamtolea kofia mpya ya dukani, nikamvisha mbele ya watu. Mtu akasema mahari imelipwa, na Kibondo wakashindwa kukasirika. Wakashuka kwenye lori wakicheka, wakatafuta pa kukaa.

"Kuna kizuizi kingine?" niliuliza.

Hapo kila mtu aliacha kunitazama mimi, akamtazama yeye. Na polepole, mkono wa kulia wa Katekista ukachomoka kutoka chini yake. Ukapanda. Mkewe alifumba macho.

Mkono ukaenda kwenye kikombe cha chai. Akanywa, ikamuunguza, akanywa tena.

"Hakuna kizuizi!" nilipiga kelele, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi, na kwa kuwa kanuni inasema bingwa ni bingwa mpaka ampate wa kumvua, na kwa kuwa wilaya yake tangu dakika ile ilikuwa yetu, nikavuta pumzi nikalitangaza lote mpaka sokoni: "Bingwa wa Taifa, kutoka Kasulu!"

Akanitazama, akamtazama mkewe aliyekuwa akicheka na machozi, akajua kwamba siku zote hakuwa amelala. Kisha akainua kiganja, akajifuta kidevu taratibu, kushoto na kulia, kana kwamba bado kina povu.